Watu Wadogo Ubavuni mwa Jeneza

Juzi fundi alikuja nyumbani kwangu St Marys kuziba dari ya bafuni, iliyokuwa imevimba kwa maji ikameguka. Alikoroga plasta ndani ya ndoo, na harufu yake, harufu ya chokaa mbichi na ya mvua inayoangukia vumbi, ikafika hadi chumbani nilikokuwa nakunja nguo. Nikaacha kukunja. Binti yangu alipita mlangoni akanikuta nimesimama na shati la mtu mkononi, akaniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Ilikuwa kweli, ila kwa kitambo hicho nilikuwa mdogo kuliko yeye, nimekaa ndani ya jeneza, ninakula mkate.

Wenzangu wa rika langu mliokuja huku mkiwa watoto mtanielewa. Mwaka wa kwanza wa ugenini haubaki kichwani kwa mpangilio. Hubaki vipande, na kila kipande kina harufu yake. Kipande changu mimi ni likizo moja ya shule, ile ambayo Mama alilazwa.

Tulikuwa tunaishi Liverpool, si ile ya mpira bali kitongoji cha jiji hili hili, kwenye fleti iliyopakana na reli, kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilisalimiana kabatini. Tulitoka kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, na kabla ya hapo Fizi ya Kongo, ambako mimi sikumbuki kitu. Baba alikuwa amepata kazi kwenye ghala la vifurushi. Alipewa fulana ya kazi ya kuvaa juu ya shati, ya rangi ya machungwa inayong'aa, akawa anaivaa hata siku za mapumziko kwa sababu aliona ni nguo nzuri. Mama alibaki nyumbani akijifunza Kiingereza kwa kuisikiliza redio, na tumbo lake lilikuwa linakua. Nilipomuuliza, aliniambia ni mkate wa huku, umejaa hamira. Kwetu mimba haikutajwa mbele ya mtoto. Nami nilimwamini. Nilikuwa na miaka saba, na tangu siku hiyo nikawa nakula maganda ya mkate tu, ile sehemu laini naiacha, nisije nikavimba.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chao hakina shuka. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, na Baba alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu.

"Mama yako eko ku hospitali," alisema bila kugeuka. "Docteur anaangalia tumbo. Atarudia."

"Lini?"

"Atarudia tu."

Baba si mtu wa maneno mengi, hata leo. Na aliamini kwa dhati kwamba hospitali si mahali pa mtoto, kwamba magonjwa ya mle ndani hutafuta miili midogo. Kwa hiyo hospitali ilikuwa karibu kabisa na nyumbani kwetu, naona madirisha yake nikisimama jukwaani kusubiri treni, lakini Mama sikumwona.

Shule ilikuwa imefungwa na Baba hakuweza kukosa kazi. Ndipo akaja Anti Muthoni. Alikuwa Mkenya wa kanisani kwetu, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, na Mama alimpenda kwa sababu hakuwahi kumsahihisha Kiswahili chake cha Kongo. Wakenya wengine wote niliowajua walikuwa manesi, au walikuwa wanasomea unesi. Anti Muthoni alisomea kutengeneza vitu vya kale. Alifanya kazi katika karakana moja hapa St Marys, nyuma ya duka la matairi, ambako mafundi walikuwa wanatengeneza mapambo ya plasta ya kubandika kwenye dari za nyumba. Yeye alipewa kona yake, na katika kona hiyo vililetwa vitu vilivyovunjika kutoka makumbusho na vyuo.

Kila asubuhi alinipitia, tukapanda treni, tukabadilisha Blacktown, tukashuka St Marys, tukatembea hadi karakana. Njiani hakunisemesha sana. Alikuwa mtu wa kuongea na vitu. Akifika kazini alivaa koti la kiume la kahawia, akafunga kitambaa kichwani, akakiambia kile kilichokuwa mbele yake, "Haya, mzee, umelalaje?"

Kilichokuwa mbele yake likizo ile kilikuwa sanduku refu jeupe, refu kuliko Baba, kimo chake kikinifikia kidevuni, halina kifuniko. Ilikuwa nakala ya plasta ya sanduku la mawe lililoko Roma, aliniambia, na mali ya chuo kimoja cha dini. Bomba lilipasuka juu yake, maji yakalidondokea, likalainika na kupasuka. Anti Muthoni alikuwa analisafisha kwa sifongo, kisha anaziba nyufa kwa plasta mpya, anasubiri ikauke, anakwangua kwa kisu chembamba mpaka usijue mahali palipovunjika.

Upande wa mbele wote ulikuwa umejaa watu. Walisongamana bega kwa bega kama watu wanaosubiri treni Blacktown asubuhi, wengine wanatazama huku, wengine kule, nguo zao zina mikunjo mingi. Anti hakunieleza ni akina nani. Nami sikuuliza. Kambini tulifundishwa kwamba mtoto anayeuliza sana huletea wazazi wake matatizo. Basi nikajielezea mwenyewe.

Katikati yao kulikuwa na kijana asiye na ndevu, uso mviringo, nywele zimejikunja, na mkononi ana fimbo. Nilimjua mara moja kuwa ni mwalimu. Kambini walimu wote walikuwa na fimbo. Alitokea mara nyingi pale ubavuni, kila hatua chache yupo tena na fimbo yake, nikaamua kwamba walikuwa ndugu waliofanana, wote walimu. Hapa mmoja ameelekeza fimbo kwenye vikapu vya mkate, anawakataza watoto wasile kabla ya saa. Pale mwingine anagusa kwa fimbo mitungi iliyopangwa chini, kama watoto wanavyoambiwa wahesabu. Mwanafunzi mmoja ameambiwa abebe kitanda chake mgongoni, adhabu hiyo. Na mwishoni kabisa kulikuwa na nyumba ndogo yenye nguzo mbili, na mlangoni pa nyumba hiyo mtoto mchanga amefungwa nguo kuanzia kichwani hadi miguuni, amesimamishwa wima, na mwalimu amemnyooshea fimbo. Huyo nilimhurumia. Niliona bado mdogo mno kwenda shule.

Upande wa ubavu mfupi kulikuwa na mashua, na mtu anatupwa kutoka humo kwenye mdomo wa mnyama mwenye shingo ndefu kama bata. Kisha mtu huyohuyo amelala chini ya mti wa maboga, mkono mmoja juu ya kichwa, miguu imepishana, hana nguo. Huyo alikuwa Baba akitoka zamu. Baba alilala hivyohivyo kwenye sofa, mkono juu ya macho, na Mama alipita kwa kunyata.

Sikuogopa kitu mle ndani. Saa ya chakula Anti Muthoni alinibeba akaniweka ndani ya sanduku, kwa kuwa sakafu ya karakana ilikuwa na maji na vipande vya misumari. Nikakaa humo na mkate wangu, nikala maganda, nikalala chali nikatazama bati la paa. Palikuwa na ubaridi mzuri. Nilipaita nyumbani kwangu.

Siku moja alikuwa anamwosha yule mwalimu usoni kwa brashi ndogo, taratibu, kama unavyomwosha mtoto, huku anaimba wimbo wa kanisani. Nikamuuliza kwa nini anamwimbia mwalimu.

"Mwalimu?" Aliangalia, akacheka kwa pua. "Faida, huyu ni Yesu."

"Yesu ana ndevu."

"Hawa Wakristo wa mwanzo walimchonga hana. Kijana tu. Huyu, na huyu, na huyu, wote ni yeye. Hapa anazidisha mkate. Hapa anageuza maji kuwa divai. Huyu alikuwa kipofu, huyu alikuwa hawezi kutembea, ndiyo anaenda nyumbani na kitanda chake."

"Na yule mtoto kwenye nyumba?"

"Huyo ni Lazaro."

Zile hadithi nilizijua zote, lakini sikuwahi kuziona zikiwa na miguu. Nikarudi mwanzo nikaangalia upya, na ndipo nikaona jambo ambalo Anti hakulisema. Kila aliyeponywa alikuwa mdogo. Yesu alikuwa mrefu, rafiki zake warefu, lakini kipofu alimfikia kiunoni tu. Aliyebeba kitanda alikuwa kama mimi. Lazaro alikuwa kama kitoto cha kwenye khanga. Nikahitimisha mwenyewe, bila kumwambia mtu, kwamba Yesu anaponya watoto. Watu wazima anasimama nao tu.

Mama alikuwa mtu mzima.

Kesho yake nilikuwa ndani ya sanduku, nimelala, simu ya Anti ikalia. Nadhani alisahau kuwa nipo humo. Aliongea na mama mmoja wa kanisani, kwa sauti ya chini.

"Bado damu inatoka," alisema. "Ndio, hata leo asubuhi. Wanaogopa kumpasua mapema, wanaogopa kungoja. Huyu mzee wake hajui hata anaambiwa nini. Sisi tuombe tu."

Nikangoja amalize. Kisha nikachungulia juu ya ukingo.

"Anti, hili sanduku lilikuwa la kuwekea nini?"

Alikuwa na brashi mdomoni. Akaitoa. "La kuwekea mtu. Ni jeneza. Zamani watu wenye uwezo walizikwa kwa jeneza la mawe." Akaitazama saa ya ukutani, akapumua. "Na hili lazima liwe tayari Ijumaa. Watakuja kulichukua na gari."

Sikumbuki nilivyotoka mle. Nakumbuka nimesimama ukutani, mbali, na mgongo wangu una vumbi jeupe.

Naomba mnielewe. Nilikuwa nimeona jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Kambini, mama mmoja wa mtaa wetu alipozidiwa, nyundo ilianza kusikika kwa seremala kabla kilio hakijasikika. Watu wazima walipita pale wakiangalia chini, na hakuna aliyesema jeneza ni la nani. Sasa nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka saba, kwa nini Baba alinikabidhi kwa mwanamke huyu, kwa nini anakiosha kitu hiki kwa upole hivyo, kwa nini hakuna anayenipeleka hospitalini. Mama angekufa Ijumaa. Jeneza lake lilikuwa karibu kumalizika, na mimi nilikuwa nakula mkate ndani yake.

Alhamisi asubuhi sikugusa mkate wangu. Nilikaa juu ya mfuko wa plasta nikamtazama Anti akikoroga, akiziba, akikwangua. Kila ufa aliouziba niliuona. Aliponawa mikono ili aanze ufa wa mwisho, ule uliopita kwenye kile kinyumba cha Lazaro, nikashindwa.

"Anti, usiharakishe."

"Nisiharakishe nini, mrembo?"

"Hilo. Mama bado."

Aligeuka. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Kwanza alitabasamu, kama mtu ambaye hakusikia vizuri, halafu tabasamu likaondoka. Akaliangalia jeneza, akaniangalia mimi, akakaa chini pale pale sakafuni kwenye maji, koti na yote.

"Kuja hapa," alisema.

Nilikwenda. Alinishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi na inakwaruza.

"Nani amekuambia hili ni la mama yako?"

"Hakuna."

"Basi nisikilize. Hili si la mama yako. Hili si la mtu yeyote. Piga hapa." Nikapiga kwa ngumi. Likatoa sauti ya boksi tupu. "Umesikia? Ndani ya huu ukuta ni magunia yameloweshwa plasta. Ukizika mtu humu mvua moja tu inalimaliza. Linaenda chuoni, litasimama kwa ukumbi, wanafunzi waliangalie. Basi."

"Lakini damu inatoka."

Alifumba macho. "Ulinisikia kwa simu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sasa nitakuambia kitu, na mama yako akinigombeza nitanyamaza. Mama yako hajavimbishwa na mkate. Ana mtoto tumboni. Mtoto amekaa vibaya, ndiyo sababu damu inatoka. Wamemlaza wamlinde, yeye na mtoto. Siwezi kukuahidi kitu, Faida, mimi si daktari. Lakini yuko hai, jana jioni alikunywa chai akalalamika ni maji moto."

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa ile chai. Alinikumbatia kifuani mwake, koti linanuka plasta. Nilipotulia nikamwambia lile lingine, kwamba Yesu anaponya watoto tu. Alitaka kujua nani amenifundisha hayo. Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama ule ubavu wa jeneza muda mrefu, yeye aliyeuosha kila inchi, kisha akanyanyuka.

"Weka mkono wako hapa. Kwa kidevu cha huyu kipofu."

Niliweka. Chini ya vidole vyangu kulikuwa na vijistari vilivyochongwa, vinakwaruza kidogo.

"Ni nini?" aliniuliza.

"Ndevu."

"Mtoto ana ndevu?"

Akaniongoza hadi chini, karibu na miguu ya Yesu mmojawapo, mahali ambapo nilikuwa sijaangalia kwa sababu palikuwa na kivuli. Kulikuwa na mwanamke amepiga magoti, mtandio kichwani, mdogo kama mdoli. Mkono wake umenyooka na umeshika ncha ya nguo.

"Huyu ni mama mtu mzima," alisema. "Alitokwa damu miaka mingi. Madaktari wote walishindwa. Akajipenyeza katikati ya watu akashika pindo la nguo yake tu, akapona."

"Mbona mdogo?"

"Mchongaji amemfanya mdogo kwa sababu ndiye mwenye shida. Ukiwa na shida unajiona hivyo, hata ukiwa mkubwa namna gani. Hata babako sasa hivi ni mdogo hivi." Akafikiri. "Na pia nafasi ilikuwa haitoshi."

"Alipona siku hiyohiyo?"

"Palepale. Sasa tembea toka huku mpaka kule, uniambie ni nani anakufa hapa."

Nilitembea. Nilipita kila uso kwa kidole, mbele na mbavu zote. Waliokula mkate, waliobeba vitanda, yule aliyetapikwa na mnyama akalala usingizi wake chini ya maboga. Hakukuwa na hata mmoja. Lilikuwa jeneza, na waliolichonga hawakuweka hata mtu mmoja anayekufa. Nikarudi nikala mkate wote, na sehemu laini pia.

Ijumaa mchana, kabla gari la chuo halijafika, Baba alipiga simu. Wameingia naye chumba cha upasuaji. Anti Muthoni alichukua gari dogo la karakana bila hata kunawa mikono. Hospitalini hakukuwa na pa kuegesha, hapajawahi kuwa na pa kuegesha, kwa hiyo alinishusha mlangoni ambako Baba alikuwa ananisubiri na fulana yake ya machungwa, akaenda kutafuta nafasi. Baba alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunipeleka mle ndani, na alinishika kama anayevusha mtoto barabara.

Tulikaa kwenye viti vya korido ya juu. Baada ya muda nesi akatoka kwenye milango miwili, akamgusa Baba bega, akasema maneno mengi kwa haraka, kisha akaitwa, akarudi ndani akikimbia. Mimi sikushika neno. Baba alishika moja. Alivua fulana yake, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

"Amesema nini, Baba?"

"Lost," alisema. "Amesema lost."

Neno hilo alilijua vizuri kuliko maneno yote ya Kiingereza. Ghalani, kifurushi kisichoonekana kiliandikiwa hivyo kwenye mashine, lost, na tangu hapo hakuna aliyekitafuta tena.

"Bamemupoteza," akasema, akajifunika uso kwa fulana. Hakutoa sauti yoyote. Mabega tu. Nilimwona akiwa mdogo, kabisa kama Anti alivyosema, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku zote zile.

Nikashuka kitini nikaanza kutafuta pindo.

Ni rahisi kucheka sasa. Lakini nilitafuta kwa bidii, na korido ilikuwa imejaa watu wa hospitali, na wote walivaa suruali. Suruali za buluu, suruali za kijani, viatu vya raba. Wanaume kwa wanawake, hakuna hata mmoja aliyekuwa na nguo yenye ncha ya kushika. Nilisimama katikati ya njia, wananipita, na machozi yananizuia kuona vizuri. Ndipo lifti ikafunguka akatoka mwanamke mfupi mwenye hijabu, kipimo cha moyo kikining'inia shingoni, na sketi yake ilikuwa ndefu, inafagia sakafu. Alipita mbele yangu kwa haraka. Nikapiga magoti nikaishika.

Alisimama. Aligeuka nyuma, hakuona mtu, kisha akatazama chini.

"Umepotea?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa na Kiingereza cha miezi michache. Nikamwambia mama yangu anatoka damu na yuko nyuma ya ile milango, na nesi amesema lost. Nikamwonyesha Baba. Daktari yule alichuchumaa, akaniuliza jina la Mama, akalirudia vizuri mpaka nikaridhika, akaniambia nikae karibu na baba yangu. Kisha akapita milango miwili. Sikujua kama atarudi. Hakuwa daktari wa Mama, wala hakutujua.

Alirudi. Alikuja moja kwa moja mbele ya Baba, akainama ili amwone machoni, akaongea polepole, neno moja moja. Baba alimtazama mdomo bila kuelewa, kwa sababu lilikuwemo tena neno lile, nikaona jinsi lilivyompiga. Lakini safari hii na mimi nilisikia, na nilisikia lililotangulia.

"Baba," nilisema, "amesema nearly."

"Nini?"

"Nearly lost. Mwalimu wangu huniambia nearly. Nikikaribia jibu, lakini bado sijalipata. Ni karibu, Baba. Walikaribia kumpoteza. Hawakumpoteza."

Baba alimtazama daktari. Daktari, ambaye hakujua Kiswahili hata kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaweka viganja vyake pamoja chini ya shavu kuonyesha kwamba Mama amelala. Halafu akapakata hewa mikononi, akaibembeleza, akatabasamu.

"Girl," alisema.

Anti Muthoni alifika kutoka kwenye ngazi, anahema, mikono myeupe hadi viwikoni. Alimkuta Baba amepiga magoti kwenye korido analia kwa sauti, sasa ndiyo alikuwa na sauti, nikaona Anti anaushika ukuta. Ilibidi nikimbie nimwambie kabla hajaanguka. Nilimwambia yote mara moja, nearly na mtoto na sketi. Alicheka na kulia pamoja, na chozi likamchorea mstari kwenye vumbi la shavu.

Mama nilimwona jioni ile ile. Alikuwa rangi ya majivu, na mipira inaingia mkononi, na midomo yake imekauka. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekula?" aliuliza.

Nikamwambia nimekula. Akafumba macho.

Siku mbili tatu baadaye alipata nguvu ya kutaka kitu, na alichokitaka kilikuwa sombe, kisamvu cha kwetu. Baba hakuwahi kupika sombe maishani. Tulipanda treni, mimi na yeye, hadi Cabramatta, tukapita katikati ya wauza samaki na mafungu ya mboga nisizozijua hata moja, mpaka tukapata majani ya muhogo yaliyogandishwa, ndani ya mfuko wenye maandishi ambayo wote wawili hatukuweza kuyasoma. Baba alinunua na mawese. Njia nzima alisalimia watu. Alimsalimia muuza samaki, alimsalimia mkagua tikiti wa stesheni, alimsalimia bibi mmoja wa Kivietinamu aliyekuwa na mbwa, akamsalimia na mbwa. Nyumbani alipika akiwa na fulana ya machungwa, akiniuliza kila hatua, kana kwamba mimi ningejua, na sufuria ikashika chini.

Tulimpelekea Mama ndani ya bakuli lililofungwa kwa taulo. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha plastiki, ngumi juu. Mama alijinyanyua, akachukua kijiko, akaonja. Akatafuna. Baba alisimama pembeni ya kitanda, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Hii haina chumvi," Mama alisema. "Na umeiunguza. Nani alikudanganya unajua kupika? Na huyu Faida wangu mbona nywele ziko hivi, kila mtu alikuwa wapi?"

Aliendelea hivyo huku anakula. Alilaumu mawese, alilaumu bakuli, alilaumu soksi zangu. Baba alivuta kiti akakaa karibu naye, akavua viatu, akanyoosha miguu yake na kufumba macho, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Tangu siku hiyo hadi leo sijawahi kumwona mtu akifurahia kulaumiwa kiasi kile.